Kioo Hubebwa na Wanne

Walikuwa wanne, na kazi yao ilikuwa kubeba na kufunga vioo vikubwa vya maduka na maofisi. Kioo cha namna hiyo hubebwa kikiwa kimesimama, wawili upande huu, wawili upande ule. Mjomba, ambaye hakuwa mjomba wa yeyote pale kazini, ndiye aliyetoa amri: "Nyanyua. Twende. Taratibu. Shusha." Nyuma pamoja naye alikuwa Redio, aliyeitwa hivyo kwa kuwa hakujua kunyamaza. Mbele walikuwa Kimya, mtu wa maneno machache, na mpimaji wao, mwanamke ambaye wote walimwita Dada.

Mapenzi yalianzia kwenye kioo chenyewe. Miezi na miezi Dada alibeba akimtazama Kimya upande wa pili, karibu kiasi cha kuziona kope zake, asiweze kumgusa. Siku moja mvua iliwazuia ndani ya duka lisilo na vioo bado.

"Nikikualika tule pamoja kesho, utakataa?" Kimya aliuliza.

"Kesho mbali," alijibu Dada.

Walidhani wanaficha, lakini mapenzi ni kikohozi. Redio alitania wiki ya kwanza, kisha utani ukamkauka, maana wenzake wawili sasa walikuwa wakicheka vicheko ambavyo yeye hakujua vimetoka wapi.

Kisha Dada akakosea kipimo cha dirisha, na Kimya akadakia, "Ni mimi niliyepima." Kila mtu alijua Kimya hajawahi kushika futi ya kupimia. Tangu siku hiyo Mjomba alipima upya kila alichopima Dada, na hilo lilimchoma kuliko matusi.

Siku ya ngazi, walikuwa wakipandisha kioo ghorofa ya pili. Dada mkono ulimfa ganzi. Hakutamka neno, alimtazama tu Kimya, na Kimya akasimama. Wale wa nyuma wakakanyaga ngazi iliyofuata. Kioo kilipiga ukuta, kikapasuka, kikamchana Mjomba kuanzia kiwiko hadi kiganja.

Dada alimfunga jeraha kwa kitambaa chake cha kichwani, machozi yakimtoka, akikiri kwamba mkono ulimfa ganzi.

"Mama, usilie," Mjomba alisema. "Kupenda si kosa. Ila mkono ulipokufa ganzi ulimwambia mmoja. Tulikuwa wanne."

"Na mimi je?" Redio alisema kwa sauti ndogo ambayo hawakuwahi kuisikia. "Mimi nabeba na nani siku hizi?"

Kesho yake Dada aliomba mwenyewe ahamie chumba cha kukatia vioo. Kimya alitaka yeye mwenyewe ndiye aondoke. Dada akakataa, mkono wake haukuwa na nguvu kama zamani. Mwanamume mwingine akachukua nafasi ya Dada, na kundi likapona polepole, kama mkono wa Mjomba.

Dada na Kimya wakaoana. Nyumba yao ilikuwa na amani, na Dada alimpenda mumewe. Lakini kila asubuhi, akisikia sauti ya Mjomba uani wakipakia gari, kisu cha kukatia kilisita mkononi mwake.

Jioni moja, wakinywa chai, aliuliza, "Leo Redio kasema nini?"

"Mengi."

"Mengi gani?"

"Ya kwake tu."

Dada aliweka kikombe chini. "Nina hamu."

"Na nani? Si mimi huyu hapa?"

"Nanyi. Wote. Wewe nakupata nyumbani. Mwenzangu wa kazini sijamwona tena."

Kimya akaanza kumsimulia, yeye aliyekuwa bahili wa maneno: mlango mwembamba, jasho, Mjomba alivyofoka, utani wa Redio juu ya mwenye duka na kipara chake, mpaka chai ikapoa. Dada alisikiliza amefumba macho, akicheka mahali pa kucheka. Haikutosha.

"Endelea," alisema.