Shangazi Wawili na Gari la Miaka Mitatu

Gari la shangazi zangu lilikufa mwezi wa Machi. Injini ilikuwa nzima. Fundi Dukarm alilipandisha juu, akachokoa chesisi kwa bisibisi, na bisibisi ikazama hadi kwenye mpini. Miaka kumi na tisa ya chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa theluji ilikuwa imelila lote kwa chini, wao wakiwa juu wanasikiliza redio.

"Bi Lottie," fundi akasema, "hili usiliendeshe hata kulirudisha nyumbani."

Shangazi Lottie akaichukua rozari iliyokuwa ikining'inia kwenye kioo, akafunga mlango taratibu kana kwamba kuna mtoto amelala ndani, kisha akanipigia simu niende kuwachukua.

Hao shangazi ni dada wawili wa marehemu baba yangu. Lottie, mkubwa, wakati huo alikuwa na miaka sabini na sita. Hakuolewa. Alifanya kazi miaka thelathini na minane kwenye mizani ya malori ya kiwanda cha sukari hapa Bay City, na wakulima wote wa viazi sukari wa bonde hili walijua kwamba kwa Lottie Nowaczyk huwezi kupitisha hata kilo moja ya udongo ukaiita kiazi. Genia, mdogo, miaka sabini na miwili, ni mjane. Mumewe Walter alipofariki alihamia kwa dada yake, na huu ulikuwa mwaka wa tisa wanakaa pamoja, wanagombana asubuhi na wanacheza karata jioni. Siku zote dereva alikuwa Lottie. Genia hakuwahi kushika usukani, kwa sababu marehemu Walter alikuwa akisema nyumba moja inatoshwa na dereva mmoja.

Jumapili ile nilikula kwao. Kulikuwa na kabichi iliyoviringishiwa nyama, na hata kabla sijamaliza ya kwanza, maneno yakaanza.

"Tutakodi," Lottie alisema. "Gari jipya, miaka mitatu. Tunalipa kila mwezi, miaka ikiisha tunarudisha ufunguo, kwisha."

Genia akaweka uma chini. "Kukodi? Wewe? Wewe uliyekataa kukodi hema la harusi yangu, ukalishona mwenyewe?"

"Hema halina injini."

"Miaka mitatu tunalipa, halafu tunabaki na nini? Picha?"

"Tunabaki bila fundi, bila kutu na bila mdomo wako."

"Mimi nataka tununue. Lililotumika kidogo, la bei yetu. Likipata mkwaruzo, ni mkwaruzo wetu wenyewe."

"Na nani atalikwaruza? Mimi sijakwaruza gari tangu mwaka sabini na moja."

Genia akanitazama. Mimi nikaitazama kabichi yangu.

Nilikuwa na sababu. Mimi ni dereva wa basi la shule, na tangu Oktoba, kila Jumamosi asubuhi nilikuwa nikimpitia Shangazi Genia nyumbani, eti twende kufanya usafi kanisani. Kanisa hilo halikupata hata fagio moja kutoka kwetu. Tulikuwa tunakwenda kwenye uwanja wa mabasi, ambao siku hiyo huwa mtupu, na pale nilimfundisha kuendesha kwa gari langu. Mwezi wa kwanza aliua koni kumi na moja za kuonyeshea njia. Rivasi ilimtoa machozi. Mtihani wa kwanza wa barabarani alianguka kwa sababu alisimama katikati ya njia dakika nzima akiwapisha bata bukini ambao hawakuwa na haraka yoyote. Wa pili alipita, wiki moja tu kabla ya gari lao kufa. Leseni aliificha kwenye kipochi cha ndani cha mkoba wake, chini ya vidonge vya presha.

"Mwambie basi," nilimwambia siku ile tulipotoka kuichukua.

"Denise, mwanangu, kuendesha ndiko alikobaki nako. Nikimwambia, ataona namnyang'anya. Acha nitafute siku."

Kwa hiyo nilielewa kwa nini Genia anataka gari la kununua. Alitaka gari ambalo angeweza kuligusisha ukuta wa gereji bila kuletewa bili na mkaguzi wa wenye gari. Lakini Lottie sikumwelewa. Huyu ni mtu aliyenunua jeneza lake kwa bei ya punguzo. Kukodi kulimwingia lini?

Jumatano nikawapeleka kwa muuza magari, ng'ambo ya mto. Alitupokea mwanamke wa makamo, Marisol Treviño, mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Alipoliona jina la Lottie kwenye fomu alicheka hadi akakaa.

"Wewe ndiye Lottie wa mizani? Babu yangu alikuwa akikulaani kila vuli, kuanzia Septemba hadi theluji!"

"Treviño," Lottie akasema. "Lori jekundu, breki mbovu. Alikuwa analoweka viazi maji ili vizidi uzito."

"Ndiye huyo!"

Baada ya hapo mambo yalikwenda kirafiki. Marisol aliwawekea karatasi mbili mezani. Ya kwanza ilikuwa ya kukodi gari dogo jipya: dola elfu mbili za kuanzia, kisha dola mia mbili na hamsini na tisa kwa mwezi kwa miaka mitatu, wasizidishe maili elfu kumi kwa mwaka, na wakati wa kurudisha kila mkwaruzo unapimwa. Ya pili ilikuwa ya kununua gari la aina hiyohiyo ambalo mtu mwingine alikuwa amelikodi miaka mitatu na sasa amelirudisha. Hilo bei yake elfu kumi na saba na mia tano.

"Swali langu ni moja," Marisol akasema. "Mnataka kukaa nalo muda gani?"

"Miaka mitatu," Lottie akasema.

"Kumi," Genia akasema.

"Kumi! Utakuwa na miaka themanini na miwili!"

"Na wewe themanini na sita. Una safari?"

 Lottie akasimama, akasema kabla ya maneno mengine yeye anataka kulisikia gari likitembea. Marisol akaleta ufunguo wa lile jipya. Lottie akashika usukani, Genia pembeni yake, mimi na Marisol nyuma.

Aliendesha vizuri, mikono miwili, bila haraka, kama anavyoendesha siku zote. Tukapita maduka, tukashuka kuelekea mtoni. Hapo mbele kuna daraja linaloinuka meli zikipita, na kabla yake kuna bango kubwa la taa. Taa zilikuwa zinawaka.

"Hilo bango linasemaje?" Lottie akauliza.

Nilidhani anatania. Maandishi yalikuwa makubwa kama mlango.

"Daraja liko juu, dada," Genia akasema. "Simama. Dada, simama!"

Lottie akakanyaga breki. Tulisimama salama, mbali kidogo na kizuizi, ingawa miwani ya Marisol iliruka ikatua mapajani mwangu. Mbele yetu barabara yote ilikuwa imeinuka kuelekea mawinguni, na meli ya kokoto ilikuwa inaingia polepole, ndefu, isiyo na mwisho. Hapo ukikwama, umekwama. Hakuna kurudi nyuma, magari yameshajipanga.

Lottie akazima injini. Akaweka mikono mapajani.

"Mlikuwa mnataka kujua kwa nini miaka mitatu," alisema, akiitazama meli. "Januari nilikwenda kwa daktari wa macho. Katikati ya jicho panafifia. Pembeni naona, katikati kuna ukungu. Alisema kwa kuendesha mchana nina miaka miwili, mitatu nikibahatika. Sasa ninunue gari la nini? Likae gerejini tulitazame? Nikasema nikodi, muda wangu uishe pamoja na wake, tulirudishe, na baada ya hapo tutakuwa tunakupigia simu wewe, Denise, mpaka utuchoke."

 Marisol, masikini, alikuwa anatazama nje dirishani akijifanya mzigo.

"Januari," Genia akasema. "Sasa ni Aprili. Miezi mitatu unanipikia mayai asubuhi na hunambii?"

"Ungelia."

"Ndiyo, ningelia! Si wewe ni dada yangu?"

Na akaanza kulia kweli, huku anapekua mkoba. Nilidhani anatafuta leso. Vidonge vya presha vikamwagika sakafuni, halafu akatoa leseni, akambandikia dada yake karibu na uso, upande wa pembeni, pale jicho linapoona.

Lottie akaichukua, akaigeuza, akaisogeza huku na huku.

"Hii ni yako?"

"Picha si unaiona."

"Picha mbaya. Umeipata wapi?"

"Nimefanya mtihani. Mara mbili."

Lottie akageuka nyuma, akanikazia macho. "Usafi wa kanisa!"

"Shangazi, mimi..."

"Miezi sita! Nikawa najiambia, hawa watu wanasugua nini huko, sakafu si itatoboka? Na mimi nikawatolea hela ya sabuni!"

"Tulinunua mafuta ya gari," Genia akasema, anapenga kamasi.

Basi Lottie akaanza kucheka. Alicheka kimya kwanza, mabega yanatikisika, halafu kwa sauti, na Genia akacheka huku bado analia, na Marisol naye akashindwa kuvumilia. Meli bado inapita. Baharia mmoja aliyesimama ukingoni aliinua mkono, nasi sote wanne tukampungia kama watoto wa shule.

Cheko lilipotulia, Lottie akafuta macho. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Kwa nini hukuniambia?"

"Niliogopa utadhani nakunyang'anya usukani."

"Ningedhani hivyo," Lottie akakubali. "Ningekununia mwezi mzima." Akafikiri. "Unajua rivasi?"

"Najua."

"Kuegesha kati ya magari mawili?"

"Hapo Mungu husaidia."

Lottie akafungua mlango, akashuka, akazunguka mbele ya gari wakati daraja likiteremka. Genia hakuamini, akabaki amekaa hadi dada yake alipomgongea kioo.

"Toka, sogea kule! Watu wanapiga honi."

"Samahani," Marisol akasema kwa adabu, "naomba tu niione hiyo leseni kwanza."

Genia aliturudisha. Alivuka daraja, akageuza ng'ambo, akalivuka tena kwa mwendo wa mtu anayebeba supu, na nyuma yetu foleni ilikuwa hadi kanisani. Lottie alikaa pembeni, mkono wake umeshika mlango, mdomo haufungi: indiketa, Genia, huyo wa baiskeli, Genia, usimwachie huyo mwenye lori, wenye malori nawajua mimi. Lakini tulipofika na gari likaingia kati ya mistari miwili vizuri kabisa, alinyamaza, akampigapiga mdogo wake begani mara mbili.

Mezani kwa Marisol, Lottie akaisukuma pembeni karatasi ya kukodi.

"Nilikuwa nimehesabu macho yangu tu," alisema. "Tunao madereva wawili. Mmoja amechakaa, mmoja mpya. Huyo mpya ataligonga tu."

"Sitaligonga!"

"Utaligonga, na liwe letu. Tuonyeshe lile lililotumika."

Lilikuwa safu ya nyuma kabisa, rangi ya kijivu, limetoka kwa mwalimu mmoja wa Saginaw. Lottie aliingiza kichwa, akapapasa chini ya viti, akatoka na konzi ya makombo ya biskuti na kalamu ya rangi, akavimimina kiganjani mwa Marisol. Akabonyeza tairi zote kwa kidole gumba. Mwisho akasema elfu kumi na saba kamili, na kwamba mia tano ni fidia ya maji ya viazi ya babu yake.

Marisol akaguna, akaenda kuongea na mkubwa wake, akarudi akatia saini. Nusu walilipa kutoka akiba ya Lottie, nusu mkopo wa miaka minne kwa majina yote mawili. Genia alisaini polepole, kwa herufi za darasani, kisha akaomba nakala yake mwenyewe.

Hiyo ni miaka mitatu iliyopita. Genia aligusa ukuta wa gereji mwezi wa Juni, na tena Agosti, palepale. Lottie aliendesha mchana kwa mwaka mmoja na nusu hivi. Hakuna aliyemwambia aache. Asubuhi moja ya Novemba alimpa mdogo wake ufunguo mezani, pamoja na chumvi aliyoombwa, akaendelea kula yai lake. Genia anasema alitoka nje kuwasha gari ili alilie huko.

Sasa wanatembea kuliko wakati wowote niliowajua. Kila Alhamisi wanakwenda mji wa Pinconning kucheza karata, na mara moja walikwenda Tawas ufukweni bila kumwambia mtu, nikashinda nawapigia simu zisizopokewa. Lottie bado anatoa maagizo njia nzima, ingawa mabango anayaulizia.

Jumapili iliyopita walinichukua twende kula kuku kule Frankenmuth. Mimi nilikaa nyuma. Tulipokuwa tunarudi, jua linapiga mashamba ya viazi sukari pande zote, niliona kimya kimezidi. Nikainama mbele nitazame. Shangazi Lottie alikuwa amelala, kichwa kimeegemea kioo, mdomo wazi kidogo.

"Usimwamshe," Genia akaninong'oneza, macho barabarani, mikono miwili kwenye usukani. "Leo ndiyo mara ya kwanza analala nikiendesha."

Akapunguza mwendo, akachagua njia ndefu ya kupitia mtoni.