Calaw Alikufa Upande Gani

Ofisi ya jeshi mjini Taitung ilimjibu Sawmah kwa mkato: askari aitwaye Calaw hayumo kwenye orodha. Huenda alitoroka, wakasema. Sawmah aliyameza maneno hayo asiyafikishe kwa bibi yake, Dongi, aliyekaa miaka arobaini na zaidi akikataa kuolewa tena, na matanga akikataa vilevile. Mumewe, Calaw, alimwacha mjamzito, akafuata ahadi ya kazi na ya kufundishwa Kichina. Jeshi likamtoa kisiwani kwao, likampeleka ng'ambo, Bara, kwenye vita vya Wachina kwa Wachina.

Njia ya kwenda Bara ilipofunguliwa, Sawmah akasikia kwamba Lekal, aliyeondoka kijijini siku moja na Calaw, bado yuko hai huko Shandong. Akafunga safari.

Alimkuta mzee mlangoni akimenya vitunguu saumu. Alipomwamkia kwa Kiamis, lugha ya kijijini kwao, kisu kilimponyoka.

"Wa kwa nani wewe?"

"Mjukuu wa Calaw, babu."

"Ndiyo maana! Pua ileile ya kiazi. Maskini, urithi mwingine hukuuona?" Akacheka.

Akamsimulia. Kambini walipewa majina ya Kichina. Jina la Calaw likafia hapo. Majira ya baridi Wakomunisti wakawateka, wakawavua makoti, wakawavika ya kwao. Siku chache baadaye walikuwa wanapigana na kikosi walichotoka. Calaw akapigwa risasi kwenye theluji.

"Kwa hiyo waliomuua ni wetu?"

"Wetu wapi, mwanangu? Sisi tulikuwa watu wa kupalilia mtama."

"Alisema neno?"

"Aliuliza kama mtoto ameshazaliwa. Nikamwambia ndiyo, wa kike, mnene. Nilikisia tu."

"Ni mama yangu," Sawmah akasema.

Mzee akajifunika uso. Ardhi ilikuwa imeganda, alisema, jembe halikuingia. Walimfunika kwa mabua ya ngano wakamwacha.

Sawmah aliporudi hakumficha bibi yake kitu, hata mabua. Dongi akataka arudie hapo pa mtoto tu. Kisha akatoa shati la Calaw sandukuni, akalilaza juu ya mkeka, akalifunga vifungo kimoja kimoja, akapiga ukemi wa msiba hadi majirani wakaja mbio.

Mama yake Sawmah, aliyezaliwa bila kumwona baba, alisimama mlangoni asijue amlilieje.

"Njoo," Dongi akamwita. "Njoo umshike baba yako mkono."

Akapiga magoti, akaushika ule mkono mtupu wa shati.