Ufunguo wa Saa Zetu

Mkataba wa kazi ya Olkaria ulikuwa na kurasa tisa, lakini ni kifungu kimoja tu kilichomzuia Nekoye Sitati kutia sahihi. Kilimtaka asiwe na mamlaka juu ya programu yoyote nje ya kituo cha umeme, wala asiichangie kwa mstari mmoja. Alitakiwa kuurudisha kabla ya saa kumi na moja jioni, siku ya Ijumaa. Siku hiyo ilikuwa Alhamisi.

Nekoye alikuwa msimamizi wa Saa Zetu, maktaba huria ya msimbo wa kompyuta ambayo yeye na rafiki yake Jaspreet waliianzisha mjini Nakuru miaka sita iliyopita. Iligeuza saa za kompyuta kuwa saa za Kiswahili, ili ujumbe wa simu umwite mgonjwa saa mbili asubuhi, si saa nane. Zahanati na kampuni za mabasi ziliitumia bila malipo. Yeyote aliweza kupendekeza marekebisho, ila hakuna lililoingia bila ufunguo wa Nekoye, yaani nywila ya kuidhinisha. Kwa wiki mbili alikuwa ametafuta mtu wa kuupokea. Watu walimsifu sana, hakuna aliyejitokeza.

Alimwendea Jaspreet katika duka la familia yao la vipuri.

"Mimi? Hapana, dada," Jaspreet alisema, akiendelea kupanga mikanda ya injini. "Nilitoka mwaka wa pili. Unakumbuka kwa nini?"

"Ulizidiwa na shughuli za duka."

"Shughuli gani! Kila nilichoandika ulikifuta ukakiandika upya. Hebu fungua orodha ya mapendekezo. Ni nani mwingine ameandika mstari ukabaki?"

Nekoye aliifungua orodha palepale juu ya kaunta. Mapendekezo yalikuwa mia moja na arobaini. Mengine aliyakataa, yaliyosalia aliyaandika upya kwa mkono wake. Kila mstari ulikuwa na jina lake. Hakuna mwingine aliyeifahamu kazi hiyo, kwa sababu hakumruhusu mtu kuifahamu.

Jina moja lilijirudia: Chepkemei, karani wa zahanati kule Kuresoi. Mara nane alikuwa ameomba neno "asubuhi" liweze kuachwa. Nekoye alimpigia simu.

"Madam Nekoye mwenyewe? Leo itanyesha mawe!"

"Bado unataka neno hilo liachwe?"

"Bado. Ujumbe ukiwa mrefu unakatika, na kipande cha pili hakifiki. Kwani ni mama gani wa Kuresoi ataleta mtoto chanjo saa mbili usiku? Achanjwe na fisi?"

"Na abiria wa basi la usiku je?"

"Hao tutawauliza. Wewe huulizi, Madam. Unakataa tu."

Nekoye alimwomba aupokee ufunguo.

"Nitaupokea, lakini si nusu. Jiondoe kabisa. Ukibakia, kesho utakuwa unanisahihisha kama mtoto wa darasa la tatu."

Ijumaa, saa kumi jioni, Nekoye alijiondoa. Kisha akatia sahihi.

Jumatano iliyofuata, wakati wa chakula cha mchana huko Olkaria, aliifungua Saa Zetu kwenye simu. Chepkemei alikuwa ameingiza rekebisho lake, nalo liliacha hata neno "alfajiri"; sasa basi la saa kumi alfajiri lilitangazwa kuwa la saa kumi tu. Abiria walikuwa wamefika kituoni jioni. Watu watano, ambao Nekoye hakuwahi kuwaona wakijadiliana, walikuwa wakibishana jinsi ya kurekebisha kosa hilo. Wawili walikuwa wamepotea kabisa. Wa tatu alikaribia jibu.

Nekoye alilitambua kosa mara moja. Lilihitaji mstari mmoja. Aliuandika, akausoma mara mbili. Akakikumbuka kile kifungu, akaufuta.

"Madam, unakula ama unasali?" aliuliza Kosgei, msimamizi wake, kutoka upande wa pili wa meza.

"Nakula."

Alichukua kijiko. Kwenye kioo cha simu, yule wa tatu alikuwa ameandika tena, na alikuwa amekosea tena.