Shabiki wa Tangu Zamani

Ukitaka kumjua mwenye dharau, mpe kitu kimoja anachokijua yeye peke yake. Kinyozi wa mtaa ule alikuwa na kriketi. Aliipenda kabla hajaota ndevu, akazeeka nayo, na miaka yote hiyo mtaa mzima ulikuwa wa kandanda. Mwalimu mmoja, mteja wake, alifungua kamusi ya Kiingereza kutafuta maana ya mchezo huo, akaishia kwenye maana ya kwanza: nyenje, yule mdudu mpiga kelele. Akaja nayo saluni mbio mbio kama aliyeokota dhahabu. Tangu siku hiyo kinyozi akaitwa Nyenje, na kila redio yake ilipotangaza mechi, watu kwenye benchi walisema, "Nyamazeni, Nyenje anawasikiliza ndugu zake."

Nyenje aliwanyoa tu, na moyoni akawaona mbumbumbu watupu. Watu wa kukimbizana na mpira kama kuku wanaogombea punje, watajulia wapi mchezo wa subira? Akajiwekea nadhiri: siku timu ya taifa itakapotwaa ubingwa, hatamkaribisha mtu. Ataitazama sebuleni kwake, kimya, na mpira wa ushindi atauona kwa macho yake mwenyewe. Zaidi ya hapo hakuwa na ndoto nyingine, na mkewe alilijua hilo kwa uchungu kidogo.

Timu ikaingia fainali, na mtaa ukashikwa na kriketi ghafla, kama homa. Wasiojua gongo la kupigia mpira linashikwa upande gani walipita na jezi ambazo bado zilikuwa na mikunjo ya dukani. Nyenje aliwatazama dirishani akasonya. Yake ilikuwa imepauka, kola imelika, kwapa limetiwa viraka.

Hodi ya kwanza ilikuwa ya shemeji yake. Huyu alikuwa kaka wa mkewe, dalali wa nyumba, mtu anayeweza kukupangisha chumba kisicho na paa akakuambia kina hewa nzuri. Naye alikuwa na jezi mpya, na bisi mfuko mzima.

"Shemeji! Leo ndiyo leo!"

"Asemaye kesho ni mwongo, najua. Wewe umefuata nini hapa?"

"Kutazama mpira na mwenye mpira wake."

"Mwache kaka yangu akae," mke akasema kutoka jikoni. "Sebule hii hata mimi ni yangu."

Akakaa. Afadhali angekaa na kunyamaza.

"Golikipa wetu mbona ana glavu kubwa hivi?"

"Si golikipa."

"Nusu ya kwanza inaisha saa ngapi?"

"Hakuna nusu ya kwanza!"

Mpira ukapigwa, ukaserereka hadi kamba ya mpakani, ukavuka. Shemeji akaruka, bisi zikamwagika. "Goooli!"

"Kriketi haina goli, wewe mtu!"

"Sasa hilo linaitwaje?"

"Mikimbio minne."

"Minne? Mbona hakuna aliyekimbia?"

Mke, ambaye sasa alikuwa amekaa nao, alicheka hadi akajifuta machozi. Nyenje hakucheka. Kilichomuudhi zaidi ni kwamba swali lenyewe lilikuwa la haki.

Mechi ikaenda hivyo hivyo hadi ukabaki mpira mmoja wa kurushwa. Timu ya taifa ilikuwa inapiga, na ilihitaji mikimbio minne. Kwa Kiswahili cha shemeji, goli moja. Nyenje alisogea ukingoni mwa kiti. Ndipo simu ya shemeji ikalia, naye akaipokea kwa sauti ya mnadani.

"Ndugu yangu, tulia! Sisi watu wa kriketi wa tangu zamani hatuna wasiwasi. Tumeteseka na timu hii miaka na miaka!"

Tumeteseka! Nyenje alihisi kama ameibiwa mchana kweupe. Mateso yale yalikuwa yake, benchi lile lililomcheka lilikuwa lake, na huyu aliyejiunga na kriketi baada ya chakula cha mchana anajigawia fungu. Akainuka.

Alikuwa ameshapiga hesabu. Yule mrushaji wa wapinzani alimjua vizuri: kabla ya mpira mzito huinama akafunga kamba za viatu, kisha huwapanga upya wenzake. Muda upo wa kutosha kumtoa mpumbavu mmoja nje. Akamshika shemeji mkono, akamburuta hadi mlangoni, akamsimamisha kizingitini.

"Sikiliza wewe. Tangu zamani ipi? Ulikuwa wapi walipokuwa wananiita mdudu? Hujui..."

Shemeji hakuwa anasikiliza. Alikuwa anatazama juu ya bega la Nyenje, ndani, kwenye runinga. Macho yakamtoka. Mdomo ukafunguka taratibu. Kisha uso wote ukawaka, na nyuma mke akapiga kigelegele, na mtaa mzima ukalipuka.

Siku hiyo mrushaji hakuinama kufunga viatu.

"Umeona?" mke alikuwa akilia na kucheka. "Mume wangu, umeona?"

"Nimeona," akasema Nyenje.

Marudio aliyatazama, bila shaka. Aliyatazama mpaka akayachoka. Lakini marudio unayatazama ukiwa tayari unajua, na yeye alikuwa amesubiri maisha yake yote ile nukta ya kutojua. Ilipita nyuma ya mgongo wake, naye akimtukana dalali.

Nje watu walicheza, wakamwita kwa jina lake la mdudu, safari hii kwa heshima. Hakutoka. Alimvuta shemeji pembeni, akashusha sauti.

"Hebu niambie. Ilikuwaje?"

"Si uliona?"

"Niambie wewe."

Shemeji akamtazama, akaelewa, na kwa mara ya kwanza siku ile hakufanya mzaha. "Alikuja mbio, akarusha. Nikajua tumekwisha, shemeji, moyo ukasimama kabisa. Wetu akazungusha gongo. Mpira ukaenda chini chini, jamaa wao akaurukia, ukampita vidoleni."

"Halafu?"

"Halafu goli."

Nyenje akaitikia kwa kichwa.

"Goli," akasema. "Rudia tena, pale moyo uliposimama."