Redio Imehamia Jikoni

Tangu alipoteleza bafuni, Bibi aliishi kitandani kama malkia aliyefungiwa. Mwanawe alimsogezea kila kitu: chupa ya chai mkono wa kulia, dawa za presha wa kushoto, redio ubavuni. Mtoto mwema, Mungu ampe umri mrefu. Ila kwa wema wake huo, miguu ya mama yake ikasahau kazi.

Sasa ametoa kauli. "Mama, Jumamosi nakuja na gari. Ukinifungulia mlango mwenyewe, utabaki hapa kwako. Ukishindwa, tunahamia kwangu."

Kwake ni ghorofa ya tatu. Bibi alijua akipandishwa kule hatashuka ila kwa kubebwa, na kubebwa kwenyewe ni kule kusikorudiwa.

Ndipo akaja wifi yake, dada wa marehemu mumewe, mwanamke mwenye mdomo wake. Asubuhi ya kwanza alisali, akafagia, kisha akaichukua redio akaiweka dirishani jikoni.

"Wifi, rudisha redio yangu. Matangazo ya vifo yanaanza."

"Yasikilizie huku."

"Sasa nitajuaje nani kafa?"

"Wakikutaja wewe nitakuita."

Bibi akanuna. "Kaka yako alikuwa na huruma. Huruma ikigawiwa, wewe ulikuwa wapi?"

"Jikoni. Njoo unikute."

Akaenda, kwa hasira tu. Muuguzi wa zahanati alishamwambia akiamka akae kwanza ukingoni mwa kitanda mpaka kichwa kitulie, ndipo ainuke. Akakaa. Akainuka. Fimbo mkono mmoja, ukuta mkono mwingine, wifi katoka jikoni akimfuata nyuma, mikono tayari kama mtu anayemsubiri kuku aangushe yai. Alipofika, matangazo yalikuwa yameisha. Alikaa kitini akihema, akacheka mpaka kikohozi kikamshika.

Kesho yake chai nayo ikahamia jikoni. Halafu kiti cha kuotea jua kikahamia kibarazani. Fundi alikuja akafunga vyuma vya kushikilia bafuni na ukumbini, na wifi akakitupa kile kizulia kilichomtelezesha, ingawa Bibi alikitetea kama mjukuu. Kila jioni walifanya mchezo wa kuinuka kitini bila kushika popote. Mara nyingi wifi ndiye aliyeshindwa, magoti yakilia kama mlango mkavu.

Jumamosi mlango ukagongwa. Bibi alikuwa kajilaza.

Wifi akaikalia mikono yake isije ikamsaidia. "Mungu wako yupo," akasema. "Usiharakishe."

Bibi akakaa ukingoni. Kichwa kikatulia. Akavaa viatu vya mpira, akashika fimbo, akashika chuma. Mlango ukagongwa tena.

"Nakuja, nyumba haikimbii," akajibu.

Akafungua. Mwanawe alikuwa ameinamia simu. Bila kutazama, akampachika mfuko wa mkate mkononi.

"Shika, shangazi. Mama anaendeleaje?"

"Mama anaendelea kubeba mizigo yako."

Mwana akainua macho. Simu ikashuka taratibu. Akamtazama mama yake kuanzia kitambaa cha kichwani hadi viatu vya mpira, akataka kusema neno, likageuka kicheko, na kicheko kikageuka machozi.

"Hilo gari lako lisipotee bure," Bibi akasema. "Utanipeleka ibadani kesho. Kisha unirudishe hapa."

Akageuka kuelekea jikoni, kidogo kidogo, mwanawe akimfuata nyuma kama zamani alipokuwa akijifunza kutembea.

"Wifi, leo wamenitaja?"

"Bado."

"Basi teleka chai."