Dakika Ishirini za Jumatano

Kipindi cha dini na imani mbalimbali kilikuwa Jumatano, saa nne na nusu. Nusu ya kwanza darasa zima lilikaa na Mwalimu Rula, mjane aliyebandikwa jina hilo na wanafunzi kwa sababu haandiki ubaoni bila kupiga mstari kwanza. Aliwafundisha jinsi watu wa huku na huko wanavyoomba, wanavyofunga na wanavyozika. Nusu ya pili walitawanyika, Waislamu kwa ustadhi darasa la jirani, Wakristo kwa katekista kule maktaba. Mlango ukifungwa, alibaki mtoto mmoja.

Huyo ni binti wa fundi cherehani. Kwenye rejista, safu ya dini, mbele ya jina lake palikuwa peupe pe. Siku ya kuandikisha baba yake aliulizwa, akasema, "Sisi hatuna. Andika hivyo hivyo." Karani hakujua hivyo hivyo inaandikwaje, akapaacha.

Mtoto alitakiwa afanye hesabu. Hesabu gani! Walipiga soga. Binti huyo alikuwa na mdomo: nani kanuniana na nani, na jinsi baba yake anavyowajibu wateja huku kabana pini kwa meno, kila mtu anaondoka hajaelewa suruali itakuwa tayari lini. Mwalimu Rula alicheka mpaka akashika mbavu. Mwenyewe hakuthubutu kusema, basi tumsemee sisi: dakika ishirini zile ndizo zilizombeba wiki nzima. Nyumbani hakuwa na wa kumsemesha ila redio.

Jumatatu moja Mwalimu Mkuu akamwita, rejista kaifungua mezani. Mkaguzi anakuja.

"Hapa pajazwe kabla ya Ijumaa kwisha, mwalimu. Kila mtoto awe na kundi."

"Mzazi kasema hawana, mkuu."

"Basi wachague. Kwani inauma?"

Alitoka kakunja uso. Alijiambia anatetea haki ya mtoto, na kweli alikuwa anaitetea. Lakini moyoni alijua anatetea na chake.

Jumatano, walipobaki wawili, akamuuliza, "Wenzako wakiwa na huzuni huomba. Nyinyi je?"

"Baba anaacha cherehani, tunakaa. Tunakaa tu, tumeegemeana."

"Hata mimi nakaa tu," Mwalimu Rula akasema. "Tangu mume wangu afariki, maombi yananikwama hapa." Akajigusa koo. Neno hilo hakuwahi kumwambia mtu, hata wifi yake. Alitaka mtoto aone kwamba mtu mzima, tena mwalimu, anaweza kuwa hivyo na maisha yakaenda.

"Unamwegemea nani?"

"Mimi? Hakuna. Niko peke yangu."

"Kila siku?"

"Kila siku."

Mtoto akavuta daftari akaanza hesabu kwelikweli. Siku hiyo hapakuwa na soga tena.

Ijumaa asubuhi fundi cherehani akaja, vipande vya uzi vimemganda shatini.

"Habari za kazi, mwalimu. Nimekuja kuhusu lile jambo la dini. Mwandike kwa katekista."

"Baba, asikulazimishe mtu. Nitaongea na mkuu mimi mwenyewe."

"Si mimi, mwalimu. Msimamo wangu ni uleule. Ni yeye kaomba, kalia mpaka nikasalimu amri. Eti kwa katekista ndiko kwenye watoto wengi." Akajikuna kichwa, ameona haya. "Usichukie. Anakupenda mno, nyumbani hatulali kwa habari zako. Ila anasema hataki akikua awe kama wewe."

Mwalimu Rula akacheka. Akasema, watoto bwana. Akafungua rejista, akaweka rula chini ya jina la mtoto, akaandika neno moja. Akamgeuzia fundi aangalie kama ni sawa.

Fundi akaangalia, akasema ni sawa.