Kilio cha Pili cha Bibi Mauwa

Uongo wenyewe ulikuwa neno moja tu, na Mama Émérence aliutamka akiwa amesimama juu ya majani mabichi, ndani ya ngome isiyo na paa, katika mji wa Ludlow huko Uingereza. Hakulazimishwa na mtu. Ulimtoka tu, kama kikohozi.

Alikuwa mkunga huko Kalemie kwa miaka ishirini na miwili. Mwaka ule wa 1984 misheni ilimpeleka Uingereza kwa miezi mitatu, akajifunze kuwatunza watoto waliozaliwa kabla ya wakati. Jumamosi, siku ambayo kwetu Zaire watu walitolewa majumbani kwenda salongo, ile kazi ya lazima ya kufyeka na kufagia mji, kule hakukuwa na kazi. Mwenyeji wake Bi Margaret, mkunga mstaafu aliyejua Kifaransa cha shuleni, alikuwa akimpakia katika gari lake dogo na kumzungusha mashambani, kwenye miji midogo ya kale yenye masoko. Masoko yalimfurahisha Émérence. Aliwakuta wanawake wamepanga jibini na vitunguu katika uwanja uleule ambako mababu zao walivipanga miaka mia saba nyuma, akawapunguzisha bei mpaka Bi Margaret akageuza uso kwa haya. Kilichomshinda ni magofu. Kila mji ulikuwa na gofu lake, na watu wazima, wenye akili zao, walikuwa wakipanga foleni na kulipa kiingilio ili watazame nyumba iliyowashinda kuezeka.

Ludlow ulikuwa mji wa mwisho. Soko lilikuwa mlangoni pa ngome kabisa, na ndani tu ya geti alikaa bibi kizee wa tiketi, blanketi magotini. Bibi huyo alimwona mgeni akipapasa jiwe moja la ukuta muda mrefu. Akamwuliza jambo, na Bi Margaret akatafsiri: je, kwao pia kuna kuta za zamani kama hizi?

"Hakuna," akasema Émérence.

Bibi wa tiketi akatikisa kichwa kwa huruma, jinsi unavyomhurumia mtu aliyekwambia hana mtoto. Huruma ile ilimchoma Émérence kuliko baridi yote ya Uingereza. Kwani ukuta ulikuwepo, na yeye aliujua.

Ulikuwa Lwangala, mwendo wa saa mbili kwa miguu kaskazini mwa Kalemie, pembeni ya ziwa. Ulikuwa ukuta wa mawe wenye mlango mmoja unaotazama maji, masalio ya soko la zamani ambako misafara ilisubiri kuvushwa kwenda Ujiji. Paliuzwa pembe pale, chumvi, vitambaa, na watu. Émérence alipokuwa na miaka kumi na minne, bibi yake Mauwa, mama wa mama yake, alimpeleka mara moja tu. Alikaa chini ya ule mlango akapiga ardhi kwa kiganja mara tatu.

"Hapa njo waliniacha," alisema. "Waliniuza, kisha nikagonjwa. Ule aliyeninunua akaona nitamukufia njiani, akaniacha. Mwanamuke mumoja Muholoholo akaniokota. Kule nilitoka, sikumbuki tena. Kwetu njo hapa."

Maneno hayo hayakuruhusiwa kutoka nje ya nyumba. Familia ilikuwa ya mjini, ya reli na bandari, na mtu akiuliza asili yao walijibu kwa sauti moja: sisi watu wa Pepa, kule juu Marungu, kwenye ng'ombe. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kukanyaga Pepa, wala aliyejua ng'ombe hukamuliwa upande gani. Mauwa alipofariki, kilio kilifunguliwa kwa desturi: mkubwa wa familia anasimama, anataja jina la marehemu na mahali alipotoka. Aliyesimama siku ile alitaja Pepa. Wakalia siku tatu, machozi ya kweli kabisa, wakimlilia mwanamke ambaye hakuwahi kuwepo.

Émérence alirudi Kalemie mwanzoni mwa mwezi wa tano. Hakufungua hata sanduku vizuri. Kesho yake asubuhi alishika njia ya Lwangala. Alikuta nusu ya ukuta haipo.

Mchunga mbuzi aliyekuwa pale ndiye aliyemweleza. Mawe yanapelekwa mjini kujengea jukwaa, ili wakubwa wapate pa kukaa siku ya sikukuu wakitazama maandamano. Yanabebwa kila Jumamosi kwa salongo. Na msimamizi wa kazi, mwenye filimbi, ni Papa Pontien wa karakana ya reli.

Papa Pontien alikuwa kaka yake mkubwa, tumbo moja.

Jioni ile alimkuta mezani, akila bukari, ugali wa huku, na ndagala, dagaa wa ziwani. Alimwita Yaya, kama watu wa huku wanavyomwita kaka mkubwa au dada mkubwa, na hakuzunguka.

"Yaya, ule ukuta njo wa bibi."

"Bibi alikuwa wa Pepa."

"Unajua hakuwa wa Pepa."

Pontien akanawa mikono polepole, kidole kimoja kimoja. Alikuwa amebakiza mwaka mmoja astaafu, na binti yake Célestine alikuwa ameposwa na familia yenye jina.

"Miye najua kitu kimoja," akasema. "Mawe yakiisha pale, hakuna muntu atauliza tena. Wacha yaishe. Unataka waseme mutoto wangu njo kitukuu cha mutumwa?"

Hapo Émérence akaelewa. "Njo weye uliwaonyesha yale mawe."

Kaka yake alitafuta kitambaa cha kujifutia mikono, ingawa kilikuwa begani pake.

"Wazee wanasema mukataa kwao ni mutumwa," Émérence akasema. "Bibi aliuzwa na watu wengine, Yaya. Siye tunajiuza wenyewe."

"Jumamosi tunamaliza mulango," akasema Pontien. "Na weye utakaa kwako."

Émérence alitoka akiwa na hasira. Lakini mkunga anajua kwamba mtoto aliyelala vibaya tumboni havutwi kwa nguvu. Anageuzwa, taratibu, mpaka aone njia mwenyewe. Usiku huohuo hakulala mpaka alipojua la kufanya, na alipojua, alilala fofofo.

Huku Kalemie kuna jambo moja ambalo hata mlevi analiheshimu. Ukikuta kilio, unatua mzigo. Uwe na kuni, uwe na samaki wanaooza juani, unatua, unawapa pole wafiwa, unakaa japo kidogo. Kunyanyua kitu cha kazi mbele ya jamvi la msiba ni tusi ambalo wajukuu wako watakumbushwa. Hata wanaosimamia salongo huiruka njia iliyofiwa. Tena kwa Émérence, kumlilia bibi pale ukutani hakukuwa hila tupu. Kilio cha kwanza cha Mauwa kilipotea njia. Mfu wao alikuwa anadai kilio chake.

Tatizo lilikuwa moja: anayefungua kilio sharti aseme mahali marehemu alipotoka, na aseme mbele ya watu wote.

Akaanza kupita kwa wanawake aliowazalisha, nyumba kwa nyumba, akimweleza kila mmoja ukweli, maana hutamwita mtu amlilie marehemu asiyemjua. Makusudi alianza kwa Mama Julienne, muuza ndagala, ambaye ulimi wake ulikuwa wembe. Mama Julienne akijua asubuhi, soko zima linajua kabla ya saa sita. Émérence alitaka pa kurudi pafungwe. Alikaa kwenye kigoda akasema yote, macho yameelekea chini, akisubiri kicheko.

Mama Julienne aliendelea kugeuza ndagala juani.

"Bibi yangu pia," akasema mwishowe. "Walimutoa Maniema, munyororo shingoni. Watu wakiuliza, siye tunasema alitoka Kongolo." Akatupa samaki mmoja aliyeharibika. "Nitaleta jamvi."

Jumamosi, jua lilipochomoza juu ya ziwa, wanawake thelathini na kitu walikuwa wamekaa mbele ya mlango wa Lwangala, vitenge vimefungwa viunoni, vichwa wazi, miguu mitupu kama wafiwa. Saa mbili hivi likasikika lori. Nyuma yake watu wa salongo walikuja kwa miguu na mitaimbo na vikapu, na mbele yao Papa Pontien, filimbi shingoni.

Walisimama wote kwa pamoja. Mwashi mmoja mzee, Papa Adalbert, akavua kofia, akalaza mtaimbo wake chini bila kuupigiza.

"Poleni," akasema. "Kilio cha nani?"

Émérence akasimama.

"Kilio cha Mauwa," akasema. "Bibi yangu, aliyemuzaa mama yangu. Hakutoka Pepa. Waliletwa watu hapa wakauzwa, na yeye alikuwa mumoja. Alikuwa mutoto. Waliona atakufa, wakamuacha hapa kwa huu mulango, na hapa njo walimuokota. Kwao njo hapa. Mara ya kwanza tulimulilia vibaya. Leo tunamulilia vizuri."

Mama Julienne ndiye aliyeanza. Alitoa sauti ndefu, nyembamba, na wengine wakaipokea, na kila mmoja pale alikuwa akimlilia pia mtu wake ambaye hakuwahi kutajwa. Wanaume wakatua vikapu. Mmoja akakaa, kisha watatu, kisha wote. Dereva akazima lori, akashuka, akatafuta kivuli cha kukalia.

Akabaki Pontien peke yake, wima, filimbi mkononi. Ilikuwa haki yake kuipuliza. Akiipuliza, majina ya waliokaa yataandikwa, na wale watu watanyanyuka wapende wasipende, na mlango utaanguka kabla ya adhuhuri. Émérence alimtazama akaona jinsi shingo yake ilivyovimba mishipa, na kwa mara ya kwanza siku zile akamwonea huruma.

Mama Julienne alinyamazisha kilio kwa mkono.

"Papa Pontien," akauliza, kwa adabu, jinsi anavyoulizwa kila anayefika msibani. "Weye unapita, ao uko wa kilio?"

Pontien akainama, akafungua kamba za viatu vyake vyeusi vya karakana, akavivua, akavipanga pamoja. Akatembea na miguu mitupu katikati ya watu hadi jamvi la familia.

"Sogea," alimwambia dada yake.

Émérence akasogea. Pontien akakaa chini ya mlango, akatazama ziwa, midomo ikimcheza. Halafu akakikunjua kiganja chake kipana akapiga ardhi, mara tatu.

Émérence akashika mdomo. Habari ya kile kiganja cha bibi hakuwahi kumsimulia mtu, hata mama yake mzazi.

"Na miye alinileta," Pontien akasema, na machozi yakamtoka waziwazi mbele ya watu wake wa salongo. "Nilifikiri alinileta miye peke yangu."

Walikaa siku tatu. Jukwaa lilimaliziwa kwa mbao kuukuu za bandarini, na Pontien aliitwa biro, ofisini kwa wakubwa, akakaripiwa, akarudi akisema amewahi kukaripiwa kwa mambo madogo kuliko hayo. Wakwe wa Célestine walikaa kimya wiki mbili. Kisha wakaja na gunia la mihogo na kuku wawili. Shangazi yao alikuwa amekaa kwenye jamvi la Lwangala tangu siku ya kwanza. Mawe yaliyokuwa hayajatumika yalirudishwa kwa lori lilelile, na Papa Adalbert akayapanga kando ya mlango, bila udongo.

Ndipo Émérence akanunua karatasi na bahasha, akamwandikia Bi Margaret kwa Kifaransa chepesi, akimwomba ampelekee salamu bibi wa tiketi wa Ludlow. Mwambie nilimdanganya, aliandika. Kwetu ukuta upo. Mlango wake unatazama ziwa, na mlinzi wake ni kaka yangu. Hakuna kiingilio. Unavua viatu tu.